Sauti ya Kaka Nyuma ya Bati

Siku ya kwanza Chiriku alidhani macho yake yamechoka, kwa sababu moto ulikuwa mnene na haukupaswa kuwa mnene.

Kazi yake na kaka yake, kwenye maabara ya chuo, ilikuwa hivi. Gesi ilipita kwenye mrija mwembamba, umeme wa mawimbi ya redio ukaipiga, nayo ikawaka zambarau ndani ya kengele kubwa ya kioo iliyofungwa pande zote. Moto bila kuni, bila moshi. Mgandamizo wa gesi ukiwa mkubwa, moto hubanwa ukawa kama sindano. Pampu ikiinyonya gesi na mgandamizo ukashuka, moto hutanuka, hujaa kengele kama ukungu. Profesa wao alitaka jedwali la hayo yote, kisha akasafiri na kusahau miwani yake mezani, kama kawaida yake.

Mawimbi yale yalichezesha mshale wa geji ya mgandamizo, kwa hiyo geji iliwekwa nyuma ya bati zito. Huko aliketi kaka, fundi wa mtambo, akiendesha pampu na kutaja kipimo kwa sauti. Chiriku alibaki upande wa moto, akipima upana wake na kuandika. Yeye hakuiona geji, kaka hakuuona moto. Kila mmoja alikuwa macho ya mwenzake.

"Mia tisa," kaka alisema.

"Mia tisa kweli? Kwa mgandamizo huo ungekuwa sindano. Mbona umenona kama biringanya?"

"Wewe na domo lako! Mia tisa. Andika."

Akaandika. Angekuwa mtu mwingine, wangebishana mpaka jioni. Lakini wazazi walipofariki, huyu ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, akamfundisha kushika bisibisi, akamwombea kazi hii hii. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, mama yao alizoea kusema, na Chiriku aliyaamini maneno hayo kuliko geji yoyote.

Siku ya pili ilikuja harufu ya nywele zilizoungua. Chini ya mlio wa pampu palikuwa na mlio mwingine, mzito, kama pumzi za mtu aliyelala. Chiriku alipovuta pumzi, moto uliinama upande wake, alipoitoa, ukarudi. Akasogea kushoto, nao ukamfuata.

"Kaka, moto umenipenda. Andaa posa."

Nyuma ya bati hakuna aliyecheka. Na kaka alicheka utani wake siku zote, hata ule mbovu.

Siku ya tatu, mchana kweupe, wanafunzi wakipiga kelele za mpira nje ya dirisha, kaka alitaja mia tisa, na ukungu wa zambarau ukajaa kengele hadi juu, ukajibandika kwenye kioo kwa vidole vitano, halafu vingine vitano, na katikati yake pakafunguka kitu kama mdomo, kikatamka polepole, kwa sauti ya kaka yake, jina la utani ambalo kaka peke yake ndiye aliyempa: "Chiriku."

Alizunguka bati. Mshale ulikuwa umetulia kwenye arobaini.

"Arobaini," alinong'ona. "Kaka, hii ni arobaini."

Kaka alikuwa amechuchumaa, kichwa katikati ya magoti. Hakumtazama.

"Niliuendesha mtambo peke yangu ulipokuwa likizo," alisema kwa sauti ya chini. "Nikafungua kengele mapema, na hilo lililo motoni likaniingia. Huingia mtu akivuta pumzi. Siku nne lilikaa kifuani, likinichoma. Nikalisihi. Likasema litarudi kengeleni na kuniacha nikilitafutia mtu mwingine, ila kwanza nilipatie nafasi humo, likue, liweze kupita kwenye kioo."

"Ukanitaja mimi."

"Mimi nina watoto, Chiriku. Wewe huna."

Hakuna kitu kilichowahi kumuuma hivyo, hata msiba wa mama. Siku tatu kaka alikaa kwenye kiti kile na kutaja mia tisa, mia tisa, kwa sauti ileile iliyomwimbia alipokuwa na homa, huku akimnenepesha wa kumla. Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe nguo yenyewe ndiyo iliyomla.

Kioo kikalia, kikapata ufa.

Chiriku alikimbilia upande wake, akavuta pumzi moja kubwa, akaifungia kifuani na kuzungusha koki ya hewa mpaka mwisho, na hewa ikaingia kengeleni kwa mbinja kali, mgandamizo ukapanda, ukungu ukabanwa, vidole vikayeyuka, mdomo ukafumba, moto ukawa sindano, kisha uzi, lakini uzi haukuzimika, ukapenya kwenye ufa na kuning'inia mbele ya uso wake, ukingoja, ukinusa pua yake, ukanusa midomo yake iliyobanwa, hata mapafu yakaanza kumwaka na machozi kumtoka, ndipo ukachoka kungoja, ukageuka, ukaambaa na ukingo wa bati kwenda upande wa pili.

Kaka naye alikuwa ameziba pumzi. Alikuwa bado amechuchumaa, amefumba macho, mikono miwili mdomoni. Uzi ulisimama inchi moja kutoka puani pake.

"Limezimika?" aliuliza kwa pumzi aliyobakiwa nayo. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtoto. "Chiriku, unaliona? Niambie."

Chiriku alimwona kwa kuchungulia pembeni mwa bati. Aliona mishipa ya shingo ilivyomtoka, mabega yaliyombeba hadi zahanati yakitetemeka. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote. Kifuani alikuwa na pumzi ya maneno mawili matatu, si zaidi.

"Limezimika, Kaka," alisema. "Vuta pumzi."

Akamsikia akiivuta, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu akamsikia akijaribu kuitoa.