Msumeno Nyuma ya Darasa

Kila asubuhi, kabla watu wa nyumba ile hawajamaliza kupiga mswaki, maswali yalikuwa yameshaanza. Kwa nini povu la dawa ya meno ni jeupe hata dawa ikiwa ya bluu? Kwa nini baba hupiga chafya akifungua dirisha na mama hapigi? Muulizaji alikuwa binti wa darasa la sita, mwembamba, mwenye ulimi usiojua likizo. Baba yake ndiye aliyembandika jina la Profesa, siku alipomkuta bafuni ameloweka sabuni zote za nyumbani ili aone ipi itaisha upesi. Ziliisha zote, familia ikaoga maji matupu, lakini jina likabaki.

Tabia hiyo aliambukizwa na mama yake mdogo, mtafiti wa chuo kikuu aliyeishi nao. Mama mdogo alichunguza afya ya watoto wa shule, na karatasi zake zilikuwa zimeiteka meza ya kulia. Aliyetaka kunywa chai ilimbidi kwanza aombe nafasi ya kuweka kikombe.

"Leo tunaanza utafiti wetu wa msumeno," Profesa alisema huku akifunga kamba za viatu. "Jibu ninalo tayari."

"Kama jibu unalo, unatafuta nini?" mama mdogo aliuliza bila kuinua macho.

"Natafuta ushahidi. Watu hawaamini bila ushahidi."

"Haya, Profesa. Ukipata ushahidi usioutaka, niite."

Profesa alicheka, akachukua mkoba, akatoka. Ushahidi asioutaka! Watu wazima nao wana vituko.

Huo msumeno ulikuwa wa umeme, na ulikaa katika karakana ya seremala, nyuma kabisa ya ukuta wa darasa la sita. Ulipokata mbao, madirisha yalitetemeka na mwalimu alilazimika kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tangu karakana ifunguliwe, alama za imla zilikuwa zimeporomoka. Basi mwalimu wa sayansi alipoliambia kila kundi lichague swali la kutafiti, na kwamba kundi bora litasoma matokeo yake mbele ya wazazi siku ya Jumamosi, Profesa aliruka kutoka kwenye dawati. Kundi lake lingethibitisha kwamba msumeno unawanyima wanafunzi masomo. Seremala, ambaye naye alikuwa mzazi shuleni hapo, angesikia mwenyewe.

Msaidizi wake mkuu alikuwa mvulana aliyeitwa Kasuku, kwa sababu aliweza kuiga sauti ya mwalimu yeyote na hakujua kunyamaza. Yeye ndiye angesoma namba kwa sauti, na darasa lingeziandika: mara moja msumeno ukinguruma, mara nyingine kukiwa kimya. Walipojaribu mara ya kwanza, Kasuku alisimama mbele akakunja uso kama mwalimu mkuu, na darasa zima likaangua kicheko.

"Nenda kasimame nyuma!" Profesa aliamuru. "Hapo hakuna atakayeiona hiyo sura yako."

Kasuku akaenda nyuma, na jaribio likaenda vizuri. Msumeno ulipokuwa ukikata, namba ziliandikwa ovyo ovyo. Uliponyamaza, karibu kila mtu alipata zote. Profesa alikusanya karatasi huku moyo ukimdunda kwa furaha, mpaka alipofikia ya Jirani.

Jirani lilikuwa jina alilompa msichana aliyekaa naye dawati moja. Alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, lakini walimu walimlalamikia kwamba hana makini. Akiulizwa swali wakati anaandika, hujibu lingine. Akiitwa akiwa amegeuka, hujitia hamnazo. Mwalimu wa darasa alikuwa ameshamwita mama yake aje Jumamosi hiyo hiyo, kwa sababu uongozi ulifikiria kumrudisha darasa la tano. Jirani alijua, na tangu ajue hakuwa akila vizuri.

Karatasi yake haikuwa na namba hata moja. Si wakati wa msumeno, si wakati wa kimya.

"Umefanya nini?" Profesa alimfokea. "Umeniharibia utafiti makusudi!"

"Nilijaribu," Jirani alisema, machozi yakimlengalenga.

"Hukujaribu! Karatasi ni tupu!"

Kasuku alimvuta Profesa pembeni. "Wewe, mbona unajisumbua? Itoe hiyo karatasi. Mtu mmoja tu, nani atajua?"

Profesa alisita kidogo. Halafu akaikunja karatasi, akaisukuma chini kabisa ya mkoba. Mchoro alioutengeneza baada ya hapo ulikuwa wa kupendeza: mstari wa kimya ulikuwa juu, mstari wa msumeno chini, wala hapakuwa na doa.

Jioni alimwekea mama mdogo mchoro ule juu ya karatasi zake, akasimama mikono kiunoni kusubiri sifa. Mama mdogo aliuangalia kwa muda mrefu.

"Umejipanga vizuri," alisema. "Wazo la kulinganisha kelele na kimya ni zuri sana. Na kulipokuwa kimya, hakuna hata mmoja aliyeshindwa?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

Profesa angeweza kusema "hakuna" mara ya pili, lakini mama mdogo alikuwa akimtazama kwa upole tu, na upole huo ulimtoa kijasho kuliko ukali. Akaenda kwenye mkoba, akarudi na karatasi iliyokunjika.

"Huyu hakutaka kuandika," alisema kwa sauti ndogo. "Alitaka kuniharibia."

"Alikuambia hivyo?"

"Hapana."

"Ulimuuliza?"

"Nilimfokea."

Mama mdogo hakumgombeza. Aliinyoosha ile karatasi kwa kiganja, taratibu, akaiweka kando ya mchoro. "Mimi huwa nafurahi nikikutana na karatasi kama hii, maana ndiyo yenye habari mpya. Hebu niambie, huyo mwenzako imla za kawaida anazipataje?"

"Vizuri tu. Mwalimu akiwa mbele anapata nyingi. Lakini mwalimu akitembea huku na huku, au akigeukia ubao, hapo ndipo anaanza kukosa. Halafu hupenda kumkodolea mtu macho, hasa mdomoni, kama vile..."

Profesa akanyamaza ghafla. Hilo halikuwa jambo la kila siku nyumbani mle.

"Kasuku alisimama nyuma," alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyempeleka nyuma. Mama mdogo, Jirani hasikii! Anasoma midomo!"

"Hiyo ni dhana, na ni dhana nzuri. Sasa utafanya nini?"

"Kesho namjaribu! Nitasimama nyuma yake ghafla, nipige makofi!"

"Hutafanya hivyo." Sasa sauti ya mama mdogo ilikuwa na ukali. "Kule chuoni hatumchunguzi mtu bila ridhaa yake. Mwenzako ana haki ya kuambiwa unataka kujua nini na kwa nini, na ana haki ya kukataa. Kama anayo siri, ni mali yake. Kamwombe."

Usiku ule Profesa alijigeuza kitandani mara nyingi. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Alikuwa ameketi dawati moja na mtu kwa miaka, akawa hodari wa kuuliza kila kitu isipokuwa habari za huyo mtu.

Asubuhi alimngoja Jirani kwenye bomba la maji. Akasimama mbele yake, uso kwa uso, akapiga moyo konde.

"Nisamehe kwa jana. Nilikosea kukufokea. Nataka kukuuliza kitu, na usipotaka kujibu, basi, yaishe."

Jirani alimwangalia mdomoni, kisha machoni. "Uliza."

"Hunisikii nikiwa nyuma yako?"

Wenzao walikuwa wakichota maji na kurushiana matone.

"Nikiuona mdomo wako, nakusikia," Jirani alisema. "Nisipouona, nasikia mvumo tu. Sikio hili linatoka maji tangu nikiwa darasa la tatu. Linauma, linaacha, linauma tena. Nilikuwa nalichokoa kwa njiti ya kiberiti."

"Na mama yako hajui?"

"Nilijua ataniachisha shule. Kuna mtu alisema watoto wasiosikia hawasomi na wenzao." Alifuta pua kwa kiganja. "Sasa ndiyo hivyo, watanirudisha darasa la tano. Bora wafikiri mimi ni mvivu."

Profesa alitaka kusema mambo mengi, lakini kwa mara ya kwanza alichagua machache. "Huendi darasa la tano. Twende kwa mwalimu wa sayansi. Utasema wewe, mimi nitakaa karibu. Au niseme mimi, nawe unikosoe. Unavyotaka."

Jirani alifikiri. "Nitasema mwenyewe. Lakini usinikimbie."

Hakumkimbia. Mwalimu wa sayansi alisikiliza mpaka mwisho, akashika tama, akasema polepole, "Na mimi niliyekuadhibu kwa kutonijibu." Siku hiyo hiyo mama yake Jirani aliitwa, nao wakaenda hospitali. Daktari wa masikio alimulika ndani, akasafisha, akaeleza bila kuficha: sikio moja lilikuwa na maambukizi ya muda mrefu na ngoma yake imetoboka, la pili lilikuwa dhaifu lakini linafanya kazi. Dawa zingekausha maji, na baada ya hapo angepimwa ili ijulikane kama kifaa cha kusaidia kusikia kitamfaa. "Ila njiti za kiberiti, mwanangu, ni za kuwashia moto," alisema. "Sikio likitoa maji, njoo hapa mapema."

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa wazazi. Profesa alisimama mbele na mchoro mpya. Mchoro huu haukupendeza kama ule wa kwanza, kwa kuwa ulikuwa na nukta moja iliyoanguka peke yake chini kabisa. Alieleza kuhusu msumeno, na seremala, aliyeketi katikati ya wazazi, akatikisa kichwa akicheka kwa haya. Kisha Profesa akagusa ile nukta.

"Hii nilitaka kuificha, kwa sababu ilinitibulia hesabu. Lakini ndiyo iliyotufundisha kwamba mmoja wetu hasikii vizuri hata kukiwa kimya. Hakuwa mvivu. Tulikuwa tunamsemesha mgongoni."

"Ni nani huyo?" mzazi mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Samahani, mzee, hilo si langu kulisema," Profesa alijibu.

Jirani alikuwa ameketi mstari wa kwanza, akimtazama mdomoni. Swali hakulisikia, lakini jibu aliliona. Akasimama, akageuka akawakabili wazazi wote.

"Ni mimi," alisema. "Siombi mnihurumie. Naomba mwalimu anitazame anapozungumza, nami nikae mbele. Nikishindwa hapo, ndipo mnirudishe darasa."

Mama yake alijifunika uso kwa mtandio, akilia na kutabasamu kwa pamoja. Seremala ndiye aliyetangulia kusimama.

"Mimi nitakata mbao baada ya watoto kutoka," alisema. "Asubuhi nitapiga randa na kupaka rangi. Kumbe mngeniambia tu, jamani!"

Mwalimu mkuu aliinuka. Kabla ya kusema neno alisogea mpaka alipokuwa akitazamana na Jirani.

"Hakuna atakayekurudisha darasa," alisema. "Kukaa mbele na kusemeshwa uso kwa uso si fadhila tunayokupa, binti yangu. Ni haki yako kama mwanafunzi wa shule hii, nasi tulichelewa kuitimiza." Kisha akageuka kidogo kuwaelekea wengine, ila hakuuficha mdomo wake. "Nanyi watoto, mkitafuta ukweli, msiuchague kwa uzuri wake. Jibu moja lisilopatana na mengine linaweza kuwa ni mtu anayehitaji kusikilizwa. Mkilitupa, mmemtupa yeye."

Jumatatu imla ilisomwa kutoka mbele, msumeno ukiwa umelala. Jirani alikosa maneno mawili, akabishana na mwalimu kuhusu moja mpaka kengele ya mapumziko ikalia.