Mwalimu Aliyeiita Dunia Punje ya Kunde

"Posa yako nimeirudisha, Mwalimu. Usinijie tena hapa."

Mzee Abdurahman aliyasema hayo barazani kwake, Msambweni, mwaka wa 1954. Mwalimu Chirau alibaki amesimama.

"Kosa langu ni nini, mzee wangu?"

"Unawafundisha watu kwamba dunia ni punje ya kunde. Anayeiona dunia kunde, mwanangu atamwona nini?"

Nyuma ya pazia, Mwanapili, binti wa mzee, alisikia kila neno. Alimpenda Chirau tangu alipoanza kwenda kwenye kisomo chake cha wanawake. Jioni ile akampa shangazi yake, Mishi, kijibarua ampelekee:

"Nieleze hiyo kunde. Usinifiche kitu."

Jibu likarudi:

"Mwanapili, sayari kubwa kuliko zote tuzijuazo ni Mshtarii. Ukizipanga dunia kumi na moja kwa mstari, ndio upana wake. Ingekuwa tungi tupu, zingeingia dunia elfu moja na mia tatu. Inayofuata ni Zohali yenye pete, upana wake dunia tisa na zaidi. Niliwaonyesha wanafunzi kunde kuwa dunia, na chungwa kuwa Mshtarii, wapate kufahamu; sikumdharau mtu. Mwezi ujao nahamishiwa Taveta. Sitaki kwenda bila wewe."

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, Mwanapili alimwekea babake ungo mbele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nini hizi?"

"Kunde elfu moja na mia tatu. Nimehesabu tangu asubuhi, macho yaniuma. Hii moja pembeni ndiyo dunia. Rundo lote hili ndilo Mshtarii."

Mzee akaitazama punje, kisha rundo.

"Na rundo hili kaliumba nani?"

"Yule yule, baba. Kila swala wasoma Rabbil-alamina, Bwana wa walimwengu wote. Husomi Bwana wa Msambweni."

Mishi aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Mzee hakucheka.

"Mwiteni huyo mwalimu."

Chirau alikuja mbio, kanzu imelowa jasho.

"Mshtarii umefika?" mzee akamwuliza.

"Sijafika, mzee wangu. Wamepima wenye darubini, mimi nimesoma tu."

"Na mwanangu, naye umemsoma kitabuni?"

"La. Huyo nimemwona mwenyewe. Siku aliyosoma jina lake ubaoni mara ya kwanza alilia, nikageuza uso nisimtahayarishe. Tangu hapo, nikiingia darasani, macho yangu humtafuta yeye kwanza."

 Mzee alipojibu, sauti ilikuwa imempungua.

"Mamake alifariki akimnyonyesha. Nimemlea mimi. Taveta ni mbali, Chirau."

"Nitamleta kila likizo, wallahi."

Ndoa ilifungwa Ijumaa iliyofuata. Siku ya safari, Mzee Abdurahman aliushika mkono wa bintiye, akautia katika mkono wa Chirau, asiuachie upesi.

"Nimekupa nilicho nacho chote."

"Najua, baba," akajibu Chirau.

Mzee akageuka kufuta macho.