Ukoo kwa Herufi Kubwa

Kazi ya Mzee wa Reli ilikuwa imepotea, na aliyeipoteza alikuwa Chiriku. Mama yake hakujua bado. Alikaa mbele ya kompyuta mpya, kiganja shavuni, akisoma kwenye kioo makosa aliyokwisha kuyasahihisha wiki iliyopita.

Mama alikuwa mpiga chapa. Kibanda chake kilikuwa na meza, printa na benchi la wateja. Mzee wa Reli, mstaafu mwenye mwandiko wa kuumiza macho, alikuwa amemletea bunda la karatasi: historia ya ukoo wake. Alitaka kila mjukuu apewe kitabu siku ya mkutano wa ukoo, watakapokusanyika wote.

Kwa miaka mingi mama alitumia kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux, aliowekewa na fundi wa mtaani. Kuwaka ilijivuta, na printa haikuelewana nayo mpaka ibembelezwe, lakini mama aliijua kama anavyolijua jiko lake. Ilipoanza kuzimika ovyo, fundi akamletea nyingine, yenye Windows. Hii ilielewana na printa papo hapo. Ila kila kitu kilikuwa kimehama mahali pake, na mama alikipapasa kama mgeni anayetafuta swichi gizani. Ikifika jioni, mgongo unamuuma na macho yamewiva. Chiriku aliizoea siku hiyohiyo, maana shuleni walikuwa na za aina hiyo, akajiona bingwa.

Basi mama alipomwomba ahamishe mafaili ya kompyuta kuukuu kwenye flashi, alijibu kwamba hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Alikuwa amechoka kufua, na wenzake walikuwa wanamwita nje.

Mama alikuwa na mtindo wake. Rasimu aliipa jina kwa herufi ndogo, "ukoo". Akishaisahihisha, aliihifadhi kwa herufi kubwa, "Ukoo". Kwenye Linux hayo yalikuwa majina mawili. Flashi ile iliandaliwa kwa ajili ya Windows, na humo herufi kubwa na ndogo zilihesabiwa jina lilelile. Lile lililosahihishwa lilitangulia kuingia. Rasimu ilipofika, kompyuta ikauliza: faili la jina hili lipo tayari, liondolewe liwekwe hili? Chiriku hakusoma. Alibonyeza ndiyo. Ikauliza tena kwa faili jingine. Akaweka alama ya kuiambia isimuulize tena, akatoka mbio. Kesho yake fundi akaichukua ile kuukuu, akafuta kila kilichokuwemo.

Sasa mama alimuuliza kama alihamisha vyote. Chiriku akasema ndiyo, vyote, ila huenda fundi ameharibu kitu. Uongo ulimtoka bila hata kuutafuta. Mama alivaa viatu, akachomoa flashi, akaenda kwa fundi. Chiriku akamfuata nyuma.

Kwa fundi walikuwepo wateja wawili na simu zao mbovu. Mama hakupaza sauti. Hakuwa na nguvu hizo. Alimwambia fundi mbele yao kwamba amemwamini miaka yote, na leo amemuulia kazi. Wateja wakatazamana. Mmoja akasema atarudi baadaye, mwenzake akaondoka bila kuaga.

Fundi aliweka bisibisi chini. Alichomeka flashi, akaiangalia kwa muda, kisha akageuka.

"Chiriku, wakati unahamisha, ilikuuliza kitu?"

Chiriku, ambaye hata usingizini huongea, akaanza kupanga skrubu zilizokuwa mezani.

"Si nakuuliza wewe, mwanangu?"

"Iliniuliza. Sikusoma. Nikabonyeza ndiyo, halafu nikaiambia isiniulize tena."

"Na mimi ukaniambia ni fundi aliyeharibu," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

Fundi alijaribu kila njia aliyoijua. Hakuna kilichorudi. Mama akamwomba radhi kwa kumvunjia heshima mbele za watu.

"Yameisha, dada," fundi alisema. "Ila wale ndio wameshakwenda."

Jioni ile Chiriku alipelekwa kwa Mzee wa Reli akaseme mwenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Yale ya mama yangu yamo?"

"Kwenye rasimu hayamo, babu. Uliyaongeza baadaye."

"Basi anzeni na hayo."

Likizo ilipoanza, Chiriku alikaa kwenye benchi la wateja akisoma karatasi za mzee kwa sauti, na mama akachapa. Siku moja mama alisimamisha vidole.

"Kukosea kwenye mashine ngeni sikulaumu, hata mimi nakosea humu kila siku. Lakini mashine ilikuuliza, ukajibu bila kusoma. Mimi nikakuuliza, ukajibu uongo. La kwanza tunalichapa upya, litakwisha. La pili ndilo lililonichosha. Ukiulizwa, soma kwanza, sikiliza kwanza, halafu sema kweli. Haya, endelea."

Kitabu kilikamilika, na sura ya mama wa Mzee wa Reli ikawa ya kwanza. Kiligharimu hivi: likizo yote ya Chiriku, kifundo cha mkono wa mama, kilichovimba mpaka akawa anabebea ndoo mkono wa kushoto, wateja wawili wa fundi, ambao hawakurudi, na mkutano wa ukoo, uliofanyika bila kitabu, wajukuu wakatawanyika kila mmoja kwake.