Nikiwa na Wewe Sili Nyama

Lori lilikuwa limeshaondoka mnadani Karatu, limeshawapita wauza vitunguu na linashika barabara ya Arusha, ndipo morani mmoja akaonekana anakimbia nyuma yake. Lubega nyekundu inapepea, nywele ndefu zimesokotwa na kupakwa udongo, fimbo iko mkononi. Watu wakaacha kupatana bei za mbuzi wakamtazama. Akashika bodi ya nyuma, akajirusha, akaangukia juu ya magunia ya mbaazi, miguuni pa msichana aliyevaa gauni la maua ya njano na kitambaa cheupe kichwani.

"Umekalia mbaazi zangu," msichana akasema.

"Samahani, dada. Sikuziona."

"Gunia la kilo tisini hukuliona. Ng'ombe wa watu huwa unawaonaje gizani?"

Watu waliokuwa juu ya lori wakacheka, na morani naye akacheka.

"Ng'ombe wote Mungu alitupa sisi," akasema. "Mbaazi hakutupa. Ndiyo maana sizijui."

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nane. Msichana aliitwa Cresensia, binti wa mzee Hhando, Mwiraqw wa Endamarariek. Alikuwa anafanya kazi Arusha kwenye hoteli ya Kibanyani, na safari hii alikuwa ametumwa nyumbani kufuata mbaazi. Morani aliitwa Tajewo, Mmasai wa Ngorongoro kule juu kwenye ukungu, naye alikuwa anakwenda mjini kutafuta kazi ya ulinzi. Mpaka wanafika Mto wa Mbu walikuwa wameshatukanana vya kutosha kwa utani. Mpaka wanafika Arusha walikuwa wamenyamaza, na kila mmoja anajua mwenzake amekaa upande gani bila kugeuka.

Tajewo alipata kazi ya kulinda mchana kwenye duka la vipuri vya matrekta. Wiki ya pili akaingia hoteli kwa Mama Hansa.

Mama Hansa alikuwa Mhindi mjane, mnene, sari nyeupe, funguo zinalia kiunoni. Kwake hakikupikwa chenye damu. Mlikuwa na chapati za moto, mchuzi wa dengu, bilinganya, viazi vya bizari, na maziwa mgando, vyote kwenye sinia la bati lenye vibakuli. Ukiingia, harufu ya iliki inakushika kooni. Walikula pale makarani wa Kihindi, Wazungu wapita njia wenye ndala, na walimu waliochoka na ugali wa unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada.

"Masai, hapa hakuna nyama," Mama Hansa akamwambia. "Hata yai hakuna."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Cresensia akaleta sinia. Akasimama, mkono kiunoni.

"Wewe Mmasai huli nyama?"

Tajewo akaangalia chini. "Nikiwa na wewe sili nyama."

Mambo yaliharibikia hapo, kwenye maneno hayo matano. Kwa Wamasai, morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke. Nyama yake huliwa porini, yeye na marika wenzake, mbali na macho ya wake na mama. Tajewo alikuwa anasema jambo dogo tu: wewe ukiwapo, siwezi kula nyama, lakini hapa kwa Banyani naweza kukaa nikala nawe bila kuvunja kitu. Hakueleza zaidi. Kwao hata mtoto anajua hilo, hakudhani kuna mtu duniani asiyelijua.

Cresensia akasikia kingine. Akasikia: nikikupata wewe, nyama naiacha. Usiku huo hakulala vizuri. Hakuwahi kusikia mwanamume akimwahidi mwanamke kitu kikubwa namna hiyo, tena kwenye sahani ya dengu.

Basi mapenzi yakaota. Kila siku saa tisa mchana simu ya hoteli ililia.

"Halo, hoteli."

"Naomba kuongea na mwenye mbaazi."

"Mwenye mbaazi ana kazi. Nani mwenzangu?"

"Aliyezikalia."

"Huyo simjui. Ana sura gani?"

"Mzuri sana. Mrefu. Meno meupe."

"Basi umekosea namba," Cresensia anasema, na simu haikati.

Jumapili alikataa kukaa kwa Mama Hansa. "Siku sita nawapelekea watu masinia. Ya saba na mimi nataka kupelekewa." Wakaenda hoteli nyingine ya Kibanyani karibu na hekalu, yeye na gauni lake la njano, Tajewo na suruali ya bugaluu, pana chini, aliyoazima dukani, imeishia juu ya vifundo. Cresensia akaonja kachori, akakunja uso.

"Pilipili imezidi."

"Mimi naona sawa."

"Wewe ulimi wako ni wa maziwa, unajua nini. Lete hiyo yako." Akala yake na ya mwenzake. Tajewo akamtazama tu, chai yake inapoa.

Mwaka wa pili Cresensia akaenda kumwambia baba yake.

Hhando alikuwa mkulima wa ngano na maharage, mkatoliki wa kukaa benchi la mbele. Kaka yake alikufa kwa mkuki wa Kimasai zamani, siku waliyochukuliwa ng'ombe kumi na wanne. Jina la Mmasai lilikuwa halitajwi kwenye ile nyumba wakati wa kula.

"Baba, huyu si kama wale. Huyu hali nyama."

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe. Aliniambia, nikiwa na wewe sili nyama. Mwaka mzima nakula naye, sijamwona na kipande."

Hhando akafikicha tumbaku muda mrefu.

"Mmasai asiyekula nyama," akasema. "Basi huyo hana haja na ng'ombe wangu. Mlete."

Tajewo akaletwa. Mama yake Cresensia akapika ugali wa mtama, maharage na mlenda. Hhando akamkaribisha kiti.

"Mbuzi nilikuwa nimemfunga kwa ajili yako," akasema. "Nikamwachia. Nimesikia habari zako."

"Asante, baba. Umenistahi sana," Tajewo akajibu, na machozi yalimlengalenga, maana aliamini mzee wa Kiiraqw anaijua sheria ya morani na ameiheshimu. Walikula, wakaongea habari za mvua. Wakati wa kuaga Hhando akamshika mkono kwa mikono miwili. Posa ikapangwa baada ya mavuno.

Juni mtamba wa Hhando akapotea. Mzee akamfuata kwa siku mbili, akapanda mpaka ukingo wa msitu wa Ngorongoro. Akaona moshi. Akasogea. Chini ya miti walikuwapo morani sita na fahali aliyechinjwa, mbavu zimechomekwa kuzunguka moto. Ni ile kambi yao ya kula nyama, wanaiita orpul. Katikati amekaa Tajewo, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, kifua wazi, mafuta yanamtiririka mpaka kidevuni, ubavu mzima uko mkononi. Kando yake Moloimet, rafiki yake tangu utotoni, anakata vipande kwa sime.

Tajewo akasimama kwa heshima. "Shikamoo, baba. Karibu nyama."

 Hhando akaiangalia ngozi iliyotandazwa. Ilikuwa ya kahawia, kama ya mtamba wake.

"Kumbe mla mboga," akasema, akageuka akashuka mlima.

Moloimet akauliza, "Huyo mzee ana nini?"

"Ni baba yake," Tajewo akasema. Ubavu akaurudisha kwenye moto. Hakujua amekosa nini, ila alijua amekosa.

Cresensia aliitwa nyumbani akaambiwa mbele ya mama yake: mchumba wako ni mwongo, na huenda ni mwizi. Aliporudi Arusha simu ya saa tisa ililia siku nane, na siku zote nane aliikata. Siku ya tisa Tajewo akaja mwenyewe, akakaa meza yake ya siku zote. Sinia likaletwa na Mama Hansa.

"Leo namtaka Cresensia, mama."

"Yeye hakutaki." Lakini mama akaenda jikoni, na baadaye kidogo Cresensia akatoka, macho mekundu, mikono ina unga.

"Unakula nyama?"

"Ndiyo."

"Uliniambia huli."

"Nilikuambia nikiwa na wewe sili."

"Na una mimi. Mwaka wa pili sasa una mimi. Au hukuwa na mimi?"

 Ndipo Tajewo alipoelewa neno limekwenda wapi. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni: nyama ya morani, macho ya wanawake, msitu. Cresensia akavuta kiti akakaa.

"Kwa nini hukusema hivyo siku ile?"

"Wewe kuna mtu alikueleza kwamba usile na viatu kichwani?"

Alitaka asicheke. Akacheka, halafu akalia kwenye kitambaa cha kufutia meza. Mama Hansa akawaletea chai ya tangawizi, akawafungia mlango wa mbele, wateja wakapita.

Mtamba alikuwa amesharudi mwenyewe, siku ya tatu, na tumbo limejaa majani. Hhando hakuwa mtu wa kukana jambo aliloliona. "Neno mwizi nimelifuta," akamwambia binti yake. "Mwongo bado. Mtu anayenificha chakula chake, siku moja atanificha na mkuki. Aje hapa, ale nyama mezani kwangu, mimi namwona, mama yako anamwona, wewe unamwona. Siku hiyohiyo nitapokea posa. Kabla ya hapo, hapana."

Cresensia akampelekea Tajewo hayo maneno kwa furaha. Furaha ikakauka alipoona uso wake.

"Siwezi mpaka tumalize umorani," akasema. "Kuna sherehe ya rika. Siku hiyo mke anamkabidhi mume wake nyama, naye anaila mbele yake. Kuanzia hapo anakula na yeyote."

"Mke."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo huwezi kunioa mpaka ule. Na huwezi kula mpaka uwe umeoa."

Jikoni dengu zilikuwa zinachemka.

"Nitakula," Tajewo akasema. "Jumapili hii. Nakwenda kwa baba yako, nakula. Basi."

"Na Moloimet akisikia?"

"Hatakula nami tena. Wala mwingine."

"Na mama yako?"

Tajewo akaanza kuikwaruza meza kwa kucha.

"Acha," Cresensia akasema. "Sitaki mume ambaye wenzake wanamtemea mate njiani kwa ajili yangu. Nenda ukaongee na wazee wenu. Waambie mke yupo, ni mimi, baba ataelewa mkimtuma mtu mzima. Mimi nitangoja."

Cresensia mwenyewe ndiye aliyemtuma. Hilo alilikumbuka maisha yake yote.

Tajewo akaacha kazi, akapanda Ngorongoro. Mama yake akamnyoa zile nywele za umorani, na Tajewo akalia kama walivyolia morani wenzake wote. Wazee wakamsikiliza, hawakumfokea. Wakamwambia mke wake yupo tangu akiwa mtoto: Seenoi, ambaye marehemu baba yake Tajewo alishapeleka kwao ng'ombe wa mahari. Mahari ya marehemu hairudishwi. Na Mwiraqw, wakasema, kama anataka tule mbele yake ndipo atuamini, mwacheni na imani yake. Waliongea miezi. Mjumbe aliyetumwa kwa Hhando alirudi bila kupewa hata maji. Siku ya sherehe ya rika lao, rika la Makaa, ikafika. Moloimet akamwambia, "Ukikataa leo, utakula wapi? Na nani?" Tajewo akafikiri sana, na wazo alilolipata lilionekana zuri kichwani mwake.

Simu ililia kwa Mama Hansa siku ya Alhamisi. Ilitoka Posta ya Karatu, ina upepo mwingi.

"Cresensia."

"Tajewo. Ongea kwa nguvu. Uko wapi? Miezi saba."

"Karatu. Sikiliza. Nimekula."

"Umekula nini?"

"Nyama. Mbele ya wanawake. Imekwisha ile sheria. Kesho naweza kwenda kwa baba yako nikala mezani kwake, wote mkiniona."

Upepo ukapita kwenye waya. Cresensia alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Nani alikupa?"

"Ilikuwa lazima apatikane mtu."

"Nimekuuliza nani alikupa."

"Seenoi. Lakini sikiliza, kwetu mwanamume anaoa wawili, anaoa watatu, wewe ungekuwa na nyumba yako, mimi sina moyo kwa yule, nilifanya ili nije kwako."

"Najua," Cresensia akasema. "Najua ulifanya ili uje kwangu."

"Basi nije?"

"Mimi ni mkatoliki, Tajewo. Siwi wa pili. Na huyo msichana hajakukosea. Kampe jina la mke."

"Usikate."

"Sikati. Kata wewe."

Hakuna aliyekata. Karani wa Posta ndiye aliyesema dakika tatu zimekwisha.

Tajewo hakwenda Endamarariek. Alizaa na Seenoi watoto watano, akapata kazi ya kulinda nyumba za wageni Ngorongoro. Moloimet alihamia Loliondo na mifugo, ukame ukamrudisha bila mifugo. Mama Hansa alifunga hoteli mwaka wa themanini na tatu, akaenda kwa mwanawe Uingereza, na pale sasa wanauza magodoro. Hhando alifariki Pasaka ya themanini na sita kwa kifua. Cresensia aliolewa na Patrisi, mwalimu wa Kansay, mtu mpole. Walipata watoto watatu, mmoja hakukaa duniani. Yeye na Tajewo walikutana mara moja mnadani Karatu, mwaka wa themanini na nane. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakaongea bei ya mbaazi. Kisha kila mmoja akaendelea kununua alichofuata.