Tao la Matawi Mlangoni kwa Solvej

"Asger, amka! Wamekuja!"

"Nani?" Asger aliinuka kwenye kitanda cha binti yao aliyehama, alikokuwa akilala kila arudipo nyumbani tangu Pasaka.

"Majirani! Leo tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Wanasimamisha tao mlangoni."

Solvej alichungulia dirishani. Ukungu wa alfajiri ulikuwa umekimeza kijiji chao katika kisiwa cha Langeland, Denmark, na ndani yake watu kama kumi walitembea polepole, kama wamo ndotoni, wamebeba matawi ya msonobari ya kujengea tao la heshima, kama ilivyo desturi ya huko.

"Si uliwaambia hatutaki sherehe?" Asger alinong'ona.

"Niliwaambia. Ila sikuwaambia tunaachana."

Tarumbeta ikalia, wimbo ukapaa. Solvej na Asger wakatoka wameshikana mikono, kwa ajili ya macho ya watu tu.

"Busu! Tunataka busu!" alipiga kelele Gudrun, jirani wa nyumba ya pili.

Asger akambusu mkewe shavuni.

"Aa, hilo la shangazi! Tupe la mke!"

Watu wakaangua kicheko. Solvej naye akacheka, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe. Waliokuimbia alfajiri huwezi kuwafungia mlango.

"Karibuni ndani jamani, kahawa naitia sasa hivi."

Jikoni alimvuta Asger pembeni. "Hatuna hata kipande cha mkate!"

"Nachukua baiskeli," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Solvej aliwasha mishumaa mezani, akapanga vikombe, akamimina. Nusu saa ikapita.

"Bwana harusi katoroka!" Gudrun alitania.

Solvej akatabasamu. Simu ikatetema mfukoni.

"Mkate ninao. Nimesimama njia panda, sioni hata miguu yangu. Mkono wako ulikuwa wa moto, Solvej. Sijui nirudi kama mwenyeji au kama mgeni."

Akajibanza nyuma ya mlango wa stoo, akamwandikia.

"Mwaka mzima hukunisemesha. Kwa nini?"

"Tangu tumzike baba yangu nilizama kwenye majonzi. Nikakimbilia kazi ya mbali, mjini Aalborg. Nikadhani umenichoka."

"Mimi nilidhani umepata mwingine huko."

"Huko nina godoro na birika la chai, basi. Na usiku naongea na hilo birika."

Solvej alicheka huku machozi yakimtoka. Akaandika: "Rudi. Mwenyeji haulizi."

Asger aliingia nywele zimelowa ukungu, mfuko wa mikate kifuani. Hakuna aliyepiga kelele za busu safari hii. Aliuweka mfuko mezani, akamshika mkewe uso kwa mikono yake baridi, akambusu mbele ya watu wote mpaka Gudrun akaishiwa utani.

"Haya, jamani," Gudrun alisema taratibu, "nipitishieni siagi."

Wageni walikaa hadi saa nne, wakala, wakaimba tena, wakaaga kwa kukumbatiana. Nyumba ikawa kimya, ila kimya hiki hakikuuma.

"Ile fomu ya talaka tuliyopeleka?" Asger aliuliza.

"Jumatatu naiondoa."

"Tuiondoe wote."

"Basi wote. Na leo usiguse vyombo. Keti hapa, unisimulie habari za baba yako. Anzia popote."

Akaketi. Nje ukungu ulianza kuachia shamba moja baada ya jingine, naye akaanza kusimulia.