Mstari Mweupe Kwenye Ripoti ya Zamu

Mambo yalianza na mstari mtupu. Dada Mistari, karani wa zamu na ripoti katika kiwanda cha magodoro, alihamisha ripoti ya zamu kwenda Ekseli, programu ya majedwali, na kati ya mfanyakazi wa kumi na nne na wa kumi na tano pakawa na nafasi isiyo na mtu. Akaifuta. Alipohamisha tena, ikarudi.

Ripoti hiyo aliisanifu mwenyewe: nembo juu, vichwa vya bluu, visanduku vimepangwa vikapangika. Wenzake walimtania kwamba hata kichwa hukikuna kwa rula. Miaka sita mkurugenzi aliipokea ikiwa imechapwa, akaisifu, akaifungia kabatini. Sasa makao makuu walitaka jedwali safi lisilo na mapambo, wajumlishe saa za wafanyakazi wenyewe, na walilitaka Ijumaa.

"Visanduku vyako haviko sawasawa," msimamizi alimwambia. "Kimoja kikisogea hata kidogo, mstari unaongezeka. Hebu vilinganishe."

Akavilinganisha. Mstari ukarudi, na safari hii ukaja na harufu ya gundi na sponji iliyoungua.

Harufu hiyo aliijua. Akauchagua ule mstari, akageuza maandishi yawe meusi, na jina la mdogo wake wa mwisho likatokea.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemficha humo. Miezi mitano nyuma mtu mmoja aliugua, naye akampanga mdogo wake zamu ya pili juu ya ile ya kwanza, maana ndugu ndiye unayemwomba bila kuona haya. Mdogo mtu akachoka, akajilaza ghalani katikati ya sponji, moto ukamkuta usingizini. Dada alipoambiwa amtoe kwenye orodha, vidole viligoma. Akaligeuza jina kuwa jeupe juu ya karatasi nyeupe, akalibana kati ya visanduku viwili, na kwenye nakala iliyochapwa halikuonekana. Lakini Ekseli huchukua kila kilichomo, hata kisichoonekana, na kukipa mstari wake.

Mbele ya jina palikuwa na saa za kazi: elfu tatu mia sita na arobaini, yaani miezi mitano usiku na mchana bila kupumzika. Alipokwenda kula na kurudi, zilikuwa elfu tatu mia sita na arobaini na moja.

Kisha akasikia mabuti, mchana kweupe, watu wakipiga soga ukumbini na jua likiwa limejaa dirishani, mabuti mazito ya mtu anayeburuta miguu, yakaja taratibu kwenye ujia, yakapita mlango uliofungwa kana kwamba haukuwepo, yakasimama nyuma ya kiti chake, na mtu akakohoa kikohozi cha moshi, akavuta pumzi kwa shida, akasema kwa sauti ile ile ambayo Dada aliijua tangu utotoni:

"Dada, nimechoka. Zamu yangu inaisha lini?"

Hakuthubutu kugeuka. Alilia, ila tuseme ukweli, kuna upande wake uliofurahi. Siku mbili nzima aliufungua ule mstari ili tu amsikie akikohoa.

Alhamisi alimwita shangazi yake, mganga, akaingia ofisini kwa kisingizio cha kuleta dawa ya kichwa. Shangazi akanusa hewa, akavuta kiti.

"Hili si jini, mwanangu. Jini ningelitimua. Huyu ni wetu, hajui kama amekufa. Umemwandika kazini, anafanya kazi."

"Nifanyeje, shangazi?"

"Mfute kwa mkono wako, na umwambie kwa mdomo wako zamu imeisha."

"Nikimfuta, nitamsikia tena?"

"Hapana."

"Basi niachie wiki moja tu," alinong'ona.

"Wewe utapata wiki yako. Yeye ataifanyia kazi yote."

Dada Mistari aliona uchungu wa kumzika mara ya pili. Akaufungua usanifu wa ripoti, akaufuta mstari kutoka kwenye chanzo chake, akasema, "Zamu imeisha, mdogo wangu. Nisamehe."

Mabuti yakageuka, yakashuka ngazi upesi, kama ya mtu yeyote anayetoka kazini. Harufu ikakatika. Alihamisha ripoti, na jedwali likatoka safi, kumi na nne, kumi na tano, bila pengo. Akalituma, akaegemea bega la shangazi yake wakalia pamoja.

Saa kumi na moja mama yake akapiga simu. Aliongea kwa kunong'ona, kwa furaha iliyochanganyika na woga.

"Mwanangu, kwa nini mliniambia amekufa? Mdogo wako yuko hapa. Amevua mabuti mlangoni, amekwenda kujilaza chumbani kwake. Amechoka sana, na ananuka moshi."

"Mama, toka humo ndani. Toka sasa hivi."

"Nitokeje na mtoto amerudi? Ngoja, ananiita." Akaiweka simu chini, akaenda chumbani, kisha akarudi. "Anauliza kesho umempanga zamu gani."