Betri Kando ya Viazi

Kila jioni baada ya kahawa, Bibi Hilkka alivaa viatu vya manyoya, akatembea kwenye theluji hadi kibandani. Humo lilikuwa limelala gari la bluu la mumewe, limefunikwa shuka kuukuu. Hilkka alifunua shuka kidogo, akapapasa boneti.

"Lala salama, mzee," alisema.

Kisha alihakikisha waya umechomekwa ukutani. Huku kwetu Ufini magari mengi yana waya huo. Unatokeza mbele ya gari, na kazi yake ni kuipasha injini joto wakati wa baridi kali. Hilkka alimwona Taisto, mumewe, akiuchomeka miaka na miaka, enzi walipokuwa wakiliendesha gari hata wakati wa theluji. Akaamini kwamba waya ule ndio unaolilisha gari lisife.

Taisto mwenyewe hakuwepo nyumbani. Tangu vuli alikuwa akiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, kilomita kumi na mbili kutoka hapo. Alikuwa amesahau mambo mengi. Alisahau jiko likiwaka. Alisahau njia ya kwenda sauna yake mwenyewe, kibanda cha kuogea mvuke, hatua ishirini tu kutoka mlangoni. Lakini gari lake hakulisahau, na mlio wake aliujua.

Kila mwaka, siku ya Vappu, yaani tarehe moja Mei, wawili hao walilitoa gari kibandani. Walikwenda ziwani kula maandazi na kunywa sima, kinywaji chetu cha limau na sukari. Hilkka alimwahidi: "Vappu nakuja kukuchukua. Nakuja na gari letu."

Vappu ikafika. Hilkka alivaa koti lake jekundu, akaweka maandazi kwenye kiti cha nyuma, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Gari halikutoa hata mlio.

"Usinifanyie hivi," aliliambia. "Leo hapana, jamani."

Jirani yake Mervi, anayefundisha ufundi wa magari chuoni, alikuwa kwa wakwe zake. Hilkka hakuwa na la kufanya. Akaita teksi.

Taisto alikuwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, kofia kichwani. Aliitazama teksi. Akamtazama Hilkka, akatabasamu kwa adabu.

"Samahani, mama," alisema. "Siwezi kuondoka. Namsubiri mke wangu. Anakuja na gari."

Hilkka hakubishana naye. Alikaa kando yake, wakasubiri pamoja mpaka chakula cha mchana. Mimi niliyesimuliwa tu nililia, sembuse yeye.

Kesho yake Mervi alifungua boneti, akainama.

"Shangazi, betri imekufa. Ona, imevimba na kupasuka. Hii iliganda Januari."

"Iliganda vipi? Waya haukuchomoka hata siku moja!"

"Ule unapasha injini tu, shangazi. Betri haipati kitu."

Hilkka akashika kiuno. "Yaani majira yote ya baridi nimelipia umeme wa kupasha chuma?"

"Ndiyo hivyo," alisema Mervi, akijizuia kucheka. "Betri inaisha yenyewe hata gari likilala. Na ile saa ya ndani inainyonya usiku na mchana. Ikiisha, inaganda. Ikiwa imejaa, haigandi hata kwa baridi yetu."

"Kumbe afadhali ningezaliwa nchi ya joto."

"Huko ndiko inakoisha upesi zaidi."

"Basi ningekuwa naliwasha dakika tano kila Jumapili."

"Ungeimaliza mapema. Kuwasha kunakula umeme mwingi, na dakika tano hazitoshi kuurudisha." Mervi alifuta mikono. "Taisto alikuwa anaiweka wapi betri wakati wa baridi?"

Hilkka aligeuka. Akatazama upande wa nyumba.

"Kile kisanduku cheusi," alisema polepole. "Alikiweka kwenye stoo ya chini, kando ya viazi. Kila vuli nilimgombeza. Nilimwambia, utaniletea gari zima ndani! Akawa anacheka tu. Sikumuuliza hata mara moja ni kitu gani."

Machozi yakamtoka. Mervi akamshika bega.

"Basi tutafanya kama yeye, shangazi."

Wakanunua betri mpya. Oktoba ilipofika, Mervi alikuja na spana, lakini Hilkka hakumwachia kazi.

"Nipe hiyo. Nielekeze kwa mdomo."

"Haya. Vaa glavu, mna asidi humo. Gari limezimwa? Anza na waya wenye alama ya kutoa. Huo unatoka kwanza. Kisha wenye alama ya kujumlisha. Wakati wa kurudisha ni kinyume: kujumlisha kwanza, kutoa mwisho. Ukifuata hivyo, spana haitapiga cheche."

Waliibeba betri pamoja mpaka stoo, wakihema. Hilkka aliifuta ikakauka. Mervi akafungua kidirisha.

"Hapa pana ubaridi, pakavu, na hewa inapita. Betri ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto. Usiingie na mshumaa."

"Na sigara?"

"Shangazi, wewe unavuta sigara?"

"Siku moja moja. Usimwambie Taisto."

Mervi alimpa chaja ndogo ya kisasa. Hiyo hujipunguza yenyewe betri ikijaa, kwa hiyo inaweza kukaa imechomekwa hadi Mei. Chaja ya zamani ingeichemsha na kuiharibu. Mervi alimwachia pia mita ya kupimia volti.

"Kila mwezi chomoa chaja, subiri mpaka kesho yake, halafu pima. Volti kumi na mbili nukta sita, imejaa. Ikishuka hadi kumi na mbili nukta nne, chaja haifanyi kazi vizuri. Niite."

Basi jioni, baada ya kahawa, Hilkka hakwenda tena kibandani. Alishuka stoo, akaitazama taa ya kijani ya chaja kando ya viazi. "Lala salama, mzee," alisema. Kila mwezi alipima, akaandika namba kwenye kalenda ya jikoni. Haikushuka.

Vappu ikarudi. Hilkka alifunga waya wa kujumlisha, kisha wa kutoa. Akaketi, akashusha pumzi, akazungusha ufunguo.

Injini ikanguruma mara moja.

Muuguzi wa ile nyumba ya wazee ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Alisema Taisto hakuwa amemtaja mtu kwa jina tangu Krismasi. Asubuhi hiyo alikuwa anakunywa uji, kijiko kikiwa njiani. Gari la bluu likaingia uani. Taisto akaweka kijiko chini. Akasimama, akanyoosha mkono.

"Kofia yangu," alisema. "Huyo ni Hilkka."